Sokoni Mutrah: tunayodanganyana kuhusu kupatana bei

Ndugu zetu wengi wanaopita Maskati huingia soko la Mutrah na kanuni walizopewa na waliotangulia. Nyingine zinawatia hasara.

"Ukitajiwa bei, kata nusu." Hii ndiyo inayosambaa kuliko zote, na ndiyo mbovu kuliko zote. Dhahabu huuzwa kwa uzito, na bei ya gramu hufuata soko la dunia la siku hiyo. Ukiomba nusu, umemwonyesha muuzaji kwamba hujui unachonunua. Panapopatanika ni kwenye ujira wa ufundi unaoongezwa juu yake. Kwa hiyo uliza mara mbili: gramu leo kiasi gani, na ufundi wa mkufu huu kiasi gani? Kwenye shali na vyetezo vya udongo nafasi ni kubwa zaidi. Zunguka maduka matatu kwanza ndipo utaje bei yako. Kuondoka bila kununua si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kutaja bei, mwenye duka akaikubali, kisha ukageuka.

"Rial tatu ni kitu gani?" Aliyezoea kuhesabu maelfu ya shilingi huona tarakimu ndogo akadhani ni rahisi. Rial 1 ya Oman ni takriban dola 2.60 za Marekani, na ina baisa 1,000. Baisa 500 unazoona haya kuomba upunguziwe ni zaidi ya dola moja.

"Sema Kiswahili, utapewa bei ya nyumbani." Hapa kuna nusu ya ukweli. Familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi waliingia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Mzee mwenye kofia anaweza kabisa kukujibu, "Karibu, mwanangu." Ila wauzaji wengi wanatoka India, Bangladesh na Pakistan. Na hata kwa mzee yule, Kiswahili kitakupatia kiti na mazungumzo, bei bado mtapatana. Mimi kiti hicho nakithamini kuliko punguzo, maana hapo ndipo utafundishwa ubani.

Kwani ubani si mmoja. Ule wa Dhofar, kusini mwa Oman, hupangwa kwa madaraja, na hojari ndio wenye sifa. Vipande vikubwa, vyeupe au vyenye ukijani, vinavyopitisha mwanga, ndivyo ghali. Vya kahawia vilivyochanganyika na magome ni rahisi. Omba mfuko ufunguliwe, nusa, inua kipande kwenye taa. Wa kufukiza nyumba kila Ijumaa si lazima uwe wa daraja la juu.

"Kila kitu humo ni cha Oman." Shali nyingi na mapambo mengi yametoka India na China. Nunua ukipenda, lakini usiyalipie kama kazi ya fundi wa Nizwa, mji wa Oman.

La mwisho linaniuma: "Jambia la kale lenye mpini wa pembe ndiyo zawadi." Baadhi ya mipini hiyo ni pembe ya faru, na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, umepiga marufuku biashara yake ya kimataifa tangu 1977. Faru wa Afrika Mashariki waliuawa kwa wingi, na pembe zao nyingi zikaishia kwenye majambia, hasa ya Yemen. Chukua lenye mpini wa mbao, na uliweke kwenye begi la mizigo, si la mkononi.