Ua la okidi chotara halitaji wazazi wake

Wengi huamini kwamba ukilichunguza vizuri ua la okidi chotara utawatambua wazazi wake. Sivyo. Mbegu za tunda moja huzaa ndugu wasiofanana, huyu mweupe, yule wa madoadoa, na wote hubeba jina lilelile la uzao, yaani jina moja la watoto wote wa wazazi hao wawili, hata mama na baba wakibadilishana nafasi. Daftari la kimataifa la machotara, linaloonyesha wazazi wa kila jina, hutunzwa na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, tangu 1961. Ukiwa na jina, unaweza kuufuata ukoo kizazi kwa kizazi hadi spishi za porini. Bila jina, huna pa kuanzia. Lebo yenye jina ikipotea (nayo hupotea, hasa wakati wa kubadilisha chungu), andika "haijulikani". Jina la kukisia huwapotosha watakaoichavusha okidi hiyo baadaye.