Gari la zimamoto haliji bila maji

Kila moto unapotokea katika miji yetu ya pwani, lawama ni ileile: "Zimamoto wamekuja bila maji." Malalamiko hayo yamezidi, nasi wa zimamoto tunaomba tuelewane. Gari la kuzimia moto hulala kituoni likiwa limejaa, na hukaguliwa kila zamu inapobadilishana. Chukua gari lenye lita 5,000. Likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi limekwisha ndani ya dakika 5. Anayefika dakika ya 6 hukuta gari linaondoka kwenda kujaza, naye anatangaza mtaa mzima kwamba lilikuja tupu.

"Bahari hiyo hapo, si mchote?" Maji ya bahari huzima moto, na inapobidi hutumika. Lakini maji yakipwa, kama pale Bagamoyo, bahari huwa mbali na gari zito haliwezi kuifuata kwenye mchanga. Pampu ikivuta mchanga inaharibika, na chumvi isiposuuzwa kwa maji matamu hula vyuma. Tegemeo letu la kujazia magari ni yale mabomba mekundu ya barabarani. Anayejenga fremu juu yake anaziba maji ya jirani zake.

Kinachonisumbua zaidi ni madiko, kule boti za uvuvi zinakotia nanga na kushusha samaki. Madumu ya petroli ya mashine za boti yanawekwa kwenye banda la makuti, hatua chache kutoka kwa mama anayekaanga samaki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi ukutane na jiko. Ukiwaka, usimwagie maji: petroli huelea na moto husambaa nayo. Tumia mchanga mkavu, au mtungi wa povu au wa unga. Msimu wa kaskazi makuti yamekauka, na cheche moja hubebwa na upepo hadi paa la tatu. Hapo askari anaweza kuamua kubomoa banda ambalo halijaungua ili kuukata moto njia. Tafadhali msimpige mawe.

Piga 114, ni bure. Usianze kwa kumpigia mjomba, wala kwa kurekodi video. Utaulizwa mtaa, alama inayojulikana, kinachoungua, kama kuna watu ndani, na namba yako. Maswali hayachelewishi gari. Mmoja anazungumza nawe, wenzake wanapanda. Usikate simu. Mtu mmoja akasimame mdomoni mwa uchochoro atuongoze.

Kuhusu simu za uongo: chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kutoa taarifa ya uongo ya moto ni kosa. Namba iliyopiga hubaki kwenye kumbukumbu, mwenye laini hutafutwa, na anaweza kufikishwa mahakamani. Mzazi unayempa mtoto simu achezee, laini ni yako. Dakika anazocheka huyo mtoto ni dakika ambazo mtu mwingine anashindwa kutupata.

Moto ukishazimwa, usifagie wala kuhamisha mabaki kabla ya wakaguzi kuchunguza chanzo. Kampuni ya bima itakudai ripoti hiyo, na mkaguzi hawezi kuandika chanzo cha moto kwenye sakafu iliyokwisha kupigwa deki.