Kabla hujaigusa kabureta ya gari ya zamani

Wiki iliyopita mzee mmoja kaniletea Peugeot 504 yake hapa gereji Ndeeba, Kampala, ya miaka ya sabini, bodi safi kabisa, katoka nayo Masaka. Asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto dakika kama 20 hivi inaanza kumisi, kilima kidogo tu nguvu zinaisha, inapiga chafya kwenye kabureta. Kashabadilishiwa kabureta, pampu ya mafuta na plagi zote nne, pesa imekwenda na ugonjwa uko palepale. "Mwanangu nimechoka, kila fundi ananiambia kabureta." Iliniuma kweli, maana hii gari ni ya heshima, ndo ilishinda Safari Rally 1975 na 1978, leo watu wanataka kuipeleka chuma chakavu eti inakohoa.

Mi kabureta naigusa mwisho. Yenyewe kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa, sasa kama silinda haibani au cheche ni dhaifu utazungusha zile skrubu mpaka usiku uingie, na kila ukizungusha unaharibu seti iliyokuwa sawa, mwishowe una ubovu mbili.

Naanza na kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa. Injini ipate moto, plagi zote nje, koili (ile inayokuza umeme wa plagi) uichomoe waya, mtu akanyage mafuta mpaka chini, kaza geji kwenye tundu la plagi, piga stata mpaka sindano yake iache kupanda. Usiibabaikie sana namba yenyewe, angalia silinda zinapishana kiasi gani. Kampala tuko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, lazima usome chini kidogo ya kitabu cha kiwanda. Moja ikiwa chini sana, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, ikigoma mara nyingi ni valvu, na mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja shuku gasketi ya hedi. Za mzee zilikaribiana zote nne, nikashukuru Mungu.

Halafu geji ya vakyumu, ile inayopima injini inavyovuta hewa, na hapa ndo watu wanaliwa pesa. Pwani injini nzima ikinguruma bila kukanyagwa inasoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki, lakini kila futi 1,000 unazopanda inapungua kama inchi 1, na sisi tuko futi 4,000 hivi, kwa hiyo 13 mpaka 17 hapa ni afya. Nimeona mtu kaambiwa valvu zimeungua, injini ifunguliwe, kisa sindano imesoma 15! Inaniudhi sana hiyo. Ya mzee ilisoma 15 imetulia, ila injini ilipopata moto sindano ikawa inadondoka ghafla halafu inarudi, bila mpangilio. Hapo ni valvu inayokwama au cheche inayokosekana.

Ugonjwa unaokuja na joto una washukiwa wachache. Wa kwanza kofia ya tangi, kitundu chake cha hewa kikiziba petroli inashindwa kutoka, ukifungua kofia unasikia fyuuu na gari inapona. Tulifungua, kimya. Wanabaki koili na kondensa.

Nikatoa kapu, yaani kifuniko, ya distribuita, kile kinachogawa cheche kwenye plagi. Pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme wa koili, zimeungua rangi ya bluu, upande mmoja kichuguu, upande wa pili shimo. Ukiona hivyo shika kondensa kwanza. Hako kadude kadogo kanameza umeme wakati pointi zinafunguka ili usiruke pale katikati, kakifa cheche inabaki kwenye pointi na koili inakosa nguvu ya kutosha kupeleka kwenye plagi, unaona moto wa njano, mlegevu. Na kakipata joto kanazidi, ndo maana asubuhi gari inamdanganya mzee.

Kondensa mpya za siku hizi nyingi zinakufa mapema, kwa hiyo za zamani zilizo nzima mi situpi, nina kopo langu. Nikafunga moja, pointi mpya, nafasi milimita 0.4 kwa fila geji (kibati cha kupimia nafasi), halafu ndo taimingi, yaani wakati wa cheche kupiga. Ukianza na taimingi kisha ukagusa pointi umefanya kazi bure, maana nafasi ya pointi ikibadilika taimingi nayo inasogea. Cheche ikawa bluu, inapasuka kwa sauti.

Lakini baada ya kuzunguka nayo plagi zikarudi nyeusi tii, masizi makavu. Sasa ndo zamu ya kabureta! Ile mpya waliyomuuzia jeti zake, vile vitundu vya kupitisha petroli, ni kubwa, na huku juu hewa yenyewe haba, petroli inazidi. Mzee alikuwa bado na ya kwake kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti, nikaiosha, nikabadilisha gasketi ya chini, nikairudisha. Jioni tukapanda nayo kilima cha Rubaga injini ikiwa ya moto kabisa, haikukohoa hata mara moja, mzee kaweka mkono kwenye dashibodi kanyamaza tu.

Kazi haijaisha lakini. Ukishika shafti ya distribuita ukaisukuma pembeni inacheza, bushi imelika, ile nafasi ya pointi haitakaa. Nimemwambia arudi kabla ya kilomita 1,000 nipime tena, na huku natafuta mtu wa mashine ya kukereza vyuma Katwe anichongee bushi ya shaba.