Karo Lisilojaa Linavuja

Wenye nyumba wa Dar es Salaam huniita nikakague visima vyao, na kila ninapouliza habari za choo hujibiwa kwa fahari ileile: "Choo hakina shida, injinia, tangu tuhamie hakijawahi kujaa." Nimechoka kuisikia kauli hiyo, kwa sababu kinachosifiwa hapo ndiyo kasoro yenyewe.

Tupige hesabu. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 80, humwaga lita 480 kwa siku, kwa hiyo karo, yaani tangi la chini ya ardhi linalopokea majitaka, la lita 3,000 hujaa kwa takribani wiki moja. Kuanzia hapo, karo lililojengwa sawasawa hukaa limejaa hadi usawa wa bomba la kutokea katika maisha yake yote: kila ndoo inayoingia husukuma nyingine kwenda kwenye shimo la kunyonya, ambamo maji hupenya ardhini, huku tope likituama chini na mafuta yakielea juu. Ukifunua mfuniko ukakuta maji yako nusu, ujue majitaka yanapitia chini au ubavuni bila hata kupata nafasi ya kutuama. Mara nyingi huo si ufa bali ni makusudi, kwani fundi aliacha kumwaga zege la sakafu, au alipanga matofali bila plasta, ili karo "lijinyonye lenyewe" na mwenye nyumba aepuke gharama za gari la majitaka. Gharama hizo hazikufutika. Amehamishiwa jirani mwenye kisima.

Hapo huambiwa kwamba mchanga huchuja. Huchuja kwa masharti. Mchanga mkavu wenye hewa hunasa bakteria wengi iwapo kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini pana nafasi ya kutosha, ndiyo maana miongozo inayotumika sana hutaka angalau mita 1.5 kwenda chini na mita 30 kati ya choo na kisima. Masika maji ya ardhini hupanda, na katika sehemu za bondeni shimo huzama ndani yake, hivyo uchujaji huo haupo tena. Unguja na Mombasa, penye mwamba wa matumbawe, majitaka hupenya kwenye nyufa kwa kasi na kufika mbali. Nitrati, kemikali itokanayo na mkojo na kinyesi, haizuiliwi hata na mchanga mzuri. Na hizo mita 30 utazipata wapi kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, kilichozungukwa na vyoo vya majirani pande zote?

Ushauri wangu, ambao mafundi hawaupendi, ni kwamba usimlipe fundi salio lake kabla ya kulijaribu karo. Lijaze maji, uache kuta ziloe kwa siku moja, ongeza yaliyopungua, kisha weka alama ukutani na urudi baada ya saa 24. Yakiwa yameshuka waziwazi, kazi haijaisha. Kwa karo la zamani, chukua mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe, uushushe taratibu hadi sakafuni, usubiri dakika chache, kisha uutoe. Sehemu iliyotapakaa weusi ndiyo kimo cha tope, na likifika theluthi moja ya kina cha maji, ita gari. Kwa familia ya kawaida hiyo ni kazi ya kila miaka 2 hadi 5.

Amira, magadi na zile pakiti za "dawa ya choo" hazipunguzi tope. Watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walizipima dawa za namna hiyo zinazouzwa madukani na hawakuona tofauti ya maana na choo kisichotiwa kitu, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa kinyesi chenyewe kina bakteria wengi kuliko pakiti yoyote. Kutapisha choo wakati wa mvua nako hakuondoi kitu; topekinyesi huhamia mtaroni, wanakochezea watoto.

Maji ya kisima kung'aa si dalili ya usalama. Kipimo cha maji ya kunywa ni kutokuwepo hata bakteria mmoja wa E. koli, yule wa kinyesi, katika mililita 100, na hilo halionekani kwa jicho.

Kuchemsha ni kuzuri, lakini huua vijidudu tu. Nitrati hubaki, tena huongezeka ukali kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, ambao nitrati ikizidi hupunguza uwezo wa damu yao kubeba oksijeni. Maji ya kisima kilicho jirani na vyoo yasikorogewe maziwa hayo hadi yapimwe maabara, hata kama yamechemka kutwa nzima.