Desert Island Discs: maana ya kuchagua nyimbo nane za maisha

Desert Island Discs ni kipindi cha redio cha BBC kinachosikika Uingereza kupitia Radio 4. Kila mara anaalikwa mtu mmoja mwenye jina: mwanasayansi, mwigizaji, mwanasiasa, mchezaji, mwandishi. Anaambiwa ajione kama manusura aliyetupwa na bahari kwenye kisiwa kisicho na watu, na kwamba ameruhusiwa kuwa na santuri nane tu za kumliwaza. Azitaje, zipigwe kidogo hewani, na kati ya wimbo na wimbo aeleze kwa nini amechagua hizo. Kwa Waingereza wengi, kualikwa huko ni heshima kubwa, na wapo wanaoanza kupanga nyimbo zao nane miaka mingi kabla ya kupigiwa simu, hata wale ambao hawatapigiwa kamwe.

Jina hilo limekwisha vuka mipaka ya kipindi chenyewe. Leo mtu anayezungumza Kiingereza akisema wimbo fulani ni wa "kisiwani", anamaanisha kwamba ni miongoni mwa zile chache asizoweza kuachana nazo hata aondokewe na vingine vyote. Kwa hiyo ukikutana na maneno hayo, fahamu kwamba nyuma yake kuna kipindi chenye kanuni zake, na kanuni hizo ndizo zinazolipatia wazo hili uzito.

Aliyelianzisha ni mtangazaji Roy Plomley. Usiku mmoja wa Novemba 1941, nyumbani kwake Bushey, Hertfordshire, wazo lilimjia akiwa amekwisha vaa nguo za kulalia. Akaketi papo hapo na kuwaandikia BBC barua. Kipindi cha kwanza kilirekodiwa tarehe 27 Januari 1942 katika studio za Maida Vale, London, ambazo zilikuwa zimeonja mabomu, na kikarushwa siku mbili baadaye. Mgeni alikuwa Vic Oliver, mchekeshaji na mwanamuziki mzaliwa wa Austria, mkwe wa Waziri Mkuu Winston Churchill. Enzi hizo za vita hakuna aliyeongea hewani alivyojisikia: mazungumzo yaliandikwa kwanza, yakakaguliwa, kisha mwenyeji na mgeni wakayasoma mbele ya kipaza sauti. Mpango wa mwanzo ulikuwa vipindi vinane. Hadi sasa vimezidi 3,000.

Plomley aliongoza hadi alipofariki mwaka 1985. Baada yake walifuata Michael Parkinson, Sue Lawley, Kirsty Young, na kuanzia 2018 Lauren Laverne. Wimbo wa kufungulia ni uleule tangu mwanzo, By the Sleepy Lagoon wa Eric Coates, ukisindikizwa na milio ya ndege wa baharini. Coates aliutunga akiwa na picha ya pwani ya Sussex kichwani, si ya kisiwa chochote cha nchi za joto.

Tuje kwenye kanuni. Mgeni ana santuri nane. Tangu 1951 anaruhusiwa pia kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na kazi zote za Shakespeare anazikuta kisiwani, na asiye Mkristo anaweza kupewa kitabu cha imani yake badala ya Biblia. Kitu cha anasa lazima kiwe hakina uhai, na kisimsaidie kutoroka wala kuwasiliana na watu wa nje. Mwigizaji Sally Ann Howes, wa kwanza kuulizwa swali hilo, aliomba kitunguu saumu. Mwishoni kabisa huja swali gumu kuliko yote: mawimbi yakija kuzoa santuri zako, utakimbilia kuokoa ipi?

Namba nane ndiyo siri. Ukiambiwa utaje nyimbo mia unazozipenda, utataja nyimbo nzuri, na msikilizaji atajua tu kwamba una masikio mazuri. Ukibanwa kwenye nane, uzuri wa wimbo pekee hautoshi tena. Inabidi ujiulize wimbo gani ulikuwepo siku baba alipofariki, upi ulipigwa harusini, upi uliusikia bwenini ukajua unataka kuwa mtu wa aina nyingine. Nyimbo nzuri kuliko hizo zinaachwa nje, na hakuna anayeshangaa. Mgeni aliyekuja akidhani atazungumzia muziki anajikuta anazungumzia mama yake.

Sisi tuliokulia kwenye vipindi vya salamu tunaijua nguvu ya wimbo redioni, ila kule kazi yake ni nyingine. Kadi ya salamu inapeleka wimbo kwa watu: shangazi wa Tanga, wajomba wa Kigoma, na wengine wote wanaonifahamu. Majina ni mengi, maelezo ni machache. Kwenye Desert Island Discs wimbo unarudi kwa yule aliyeuchagua na kumfungua kinywa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking, uliosikika Krismasi ya 1992. Huyu ni mtu ambaye hakuwa na sauti tena. Tangu upasuaji wa koo mwaka 1985 alikuwa akizungumza kwa kompyuta, neno baada ya neno, na Sue Lawley alilazimika kuyasubiri majibu. Dunia ilimjua kwa kitabu chake kuhusu wakati na mashimo meusi ya angani. Alipokuja na santuri zake, akatoka mtu ambaye vitabu vya fizikia visingetuonyesha. Alichagua Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, na akaeleza kwamba muziki huo ulimkolea alipokuwa na miaka 21, alipoambiwa ana ugonjwa wa neva ambao madaktari walidhani ungemmaliza upesi. Ukubwa na kiza cha muziki huo viliendana na hali aliyokuwa nayo moyoni. Kisha, kando ya Wagner, akaweka Please Please Me ya The Beatles. Alieleza jinsi kundi hilo lilivyoleta hewa mpya kwenye muziki wa vijana wa wakati ule, na jinsi alivyokuwa akisikiliza nyimbo zinazoongoza Jumapili jioni kupitia kituo cha Radio Luxembourg.

Hebu fikiria. Ni kijana yuleyule, miaka ileile, hukumu ya kifo mkononi, na redio ya nyimbo za vijana sikioni. Mwandishi wa wasifu angehitaji sura nzima kulisema hilo. Santuri mbili zimelisema kwa dakika chache. Wimbo wake wa nane ulikuwa wa mwimbaji Mfaransa Edith Piaf, ule wa mtu asiyejutia chochote, na hakuhitaji kuufafanua sana. Alipoulizwa atakayookoa, alitaja Requiem ya Mozart, muziki wa misa ya wafu, akasema angeisikiliza mpaka betri za kicheza muziki chake ziishe. Anasa yake ilikuwa crème brûlée, kitindamlo cha maziwa na mayai chenye sukari iliyochomwa juu.

Kwa nini Hawking na wengine wengi hurudi kwenye miaka ya ujana? Hili limechunguzwa. Mtafiti Catherine Loveday wa Chuo Kikuu cha Westminster na wenzake walipitia chaguo za wageni wa kipindi hiki, wakakuta kwamba takriban nusu ya nyimbo zilihusiana na kipindi ambacho mgeni alikuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 30. Wanasaikolojia wanalifahamu jambo hilo kwa kumbukumbu za kila aina: miaka hiyo ndiyo mtu anayojijenga, anapofanya mambo mengi kwa mara ya kwanza, na kinachoambatana nayo hunasa. Ndiyo maana zilipendwa za mtu mmoja hazigusi moyo wa aliyezaliwa miaka 20 baada yake, hata kama wimbo ni bora kiasi gani. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba sababu kubwa zilizotolewa na wageni zilihusu watu, mahali na vipindi vya maisha.

Wapo walioitumia nafasi hiyo kivingine. Mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf, mwaka 1958, alichagua santuri nane ambazo saba kati yake alikuwa ameimba yeye mwenyewe. Amekuwa akitajwa tangu hapo kama mfano wa majivuno. Mimi namwonea huruma kidogo. Baadaye alieleza kwamba rekodi hizo zilimkumbusha wasanii aliofanya nao kazi, na kwa mtu ambaye maisha yake yote yalipita studio na jukwaani, sioni ni nyimbo gani nyingine zingebeba nyuso za rafiki zake.

Wanasiasa ndio wanaonichosha. Mara nyingi orodha yao inanuka kamati: wimbo mmoja wa mkoa wao, mmoja wa vijana, mmoja wa kuonyesha wamesoma. Msikilizaji hulitambua hilo mapema, kwa sababu maelezo yanakuwa mafupi na hayana jina la mtu ndani yake.

Tangu 2011 BBC imefungua hifadhi ya vipindi hivi mtandaoni, na vingi vinasikilizwa bila malipo. Vile vya miaka ya mwanzo vingi havikuhifadhiwa, kwa hiyo kwa baadhi ya wageni utakuta orodha ya nyimbo bila sauti. Kwenye matoleo ya kupakua, muziki umekuwa ukikatwa mfupi kwa sababu za hakimiliki, kwa hiyo ni vizuri kuwa na nyimbo zenyewe pembeni. Ukitaka pa kuanzia, anza na Hawking.