Bekapu ya juu ya kabati

Mwezi huu nimeisikia kauli ileile mara tatu, na mara zote msemaji alikuwa amekumbatia boksi la diski kama mtoto mgonjwa. "Fundi, usiwe na presha, bekapu ipo." Ipo wapi, kaka? "Si humohumo! Zimo diski nne. Moja ikifa, zingine zinabeba." Wa tatu alikuwa mpiga video za harusi kutoka Area C hapa Dodoma, ana miaka mitano ya send-off na kitchen party za watu, na zilizokufa kwake zilikuwa mbili.

Nianze na maana, haina urefu. Bekapu, au nakala rudufu kwa wanaopenda usanifu, ni nakala ya data inayokaa mahali pengine, isiyobadilika papo hapo ile ya kwanza inapobadilika, na ambayo umewahi kuijaribu ukaona inafunguka. RAID ni mpango wa kuzifanya diski kadhaa zifanye kazi kama diski moja. Na aina nyingi za RAID, ingawa si zote, huwezesha seva kuendelea kufanya kazi hata diski moja ikizima. Ya kwanza inalinda data. Ya pili inalinda kazi isisimame. Ningeweza kuishia hapa, ila bado nina kinyongo.

Nadhani najua tulipopotelea. Mtaani neno bekapu lina maana yake halali kabisa, na si hii. Umeme ukikatika, jenereta ni bekapu. Maji yakiwa ya mgao, na hapa Dodoma tunajua mgao ni nini, simtanki nyuma ya nyumba ni bekapu. Yaani bekapu ni kitu kinachoshika zamu ili maisha yaendelee. Kwa maana hiyo ya jenereta, RAID ni bekapu kweli: diski imezima, nyingine zimeshika zamu, mteja hajui lolote. Mtu akisikia muuzaji wa boksi anasema "lina bekapu", haoni uongo, na pengine muuzaji mwenyewe haoni. Lakini jenereta haikumbuki umeme wa juzi.

Ukitaka kuiona tofauti, chukua simtanki mbili zilizounganishwa kwa bomba moja chini. Maji ya Mzakwe yakiingia, yanajaa kote kwa usawa. Tanki moja likipasuka na ukawahi kufunga koki, la pili linakusaidia. Sasa mtoto akiacha bomba la uani wazi usiku kucha, asubuhi matanki yote mawili ni makavu. Hiyo ndiyo RAID ya kioo, diski mbili zinazoandika kitu kilekile. Ukifuta folda ya harusi kwa bahati mbaya, imefutika kote ndani ya sekunde hiyohiyo. Kirusi kikizifunga faili zako na kudai pesa, kimefunga kote. Mwizi akibeba boksi, kabeba zote. Na radi za masika zikipita kwenye waya hazichagui diski.

Halafu kuna jina lenyewe la Kiswahili, ambalo nimelitafuna muda mrefu. Nakala tumeitoa kwenye naqala ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kuhamisha, kutoa kitu hapa kukipeleka pale. Anayenakili barua kwa asili yake anaihamisha. Rudufu imetoka kwenye radafa, kufuata nyuma, na Waarabu wakisema radifu wanamaanisha mtu anayepanda nyuma ya mpanda farasi, juu ya mnyama yuleyule. Sisi tulilipata neno hilo likiwa na maana ya kuzidisha mara mbili. Waliosoma zamani wanaikumbuka mashine ya kurudufu mitihani na harufu ya wino wake. Lakini mzizi haujafa. Rudufu ni abiria wa nyuma wa bodaboda.

Basi tazama jina lilivyojieleza kabla hatujaja na mabishano yetu. Sehemu ya kwanza inadai kitu kihame. Sehemu ya pili inasema kipo kingine nyuma yake. RAID ina ile ya pili tu. Diski nne ndani ya boksi moja ni mshikaki, watu wanne juu ya pikipiki moja kwenye barabara ya Iringa. Mmoja akiteleza, watatu wanaendelea na safari. Pikipiki ikigonga mbuzi, hatuulizi nani alikaa wapi. Kwa hiyo anayesema "RAID ni nakala rudufu" amekosea nusu ya jina: ana rudufu, hana nakala.

Kwa Kiingereza nako kuna ujanja umepita. RAID ilipata jina katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye makala ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz iliyotolewa mwaka 1988. Kirefu chake kilikuwa Redundant Array of Inexpensive Disks, na herufi ya I ilisimama badala ya inexpensive, yaani "bei nafuu". Hoja yao ilikuwa hiyo: badala ya diski moja kubwa ya gharama ya kutisha, funga pamoja diski nyingi ndogo za bei poa, kisha ongeza ziada ya kufidia itakayokufa. Baadaye watengenezaji, ambao kwao neno "nafuu" halikuuza vizuri, wakaibadili I ikawa independent, "zinazojitegemea". Watanzania tunalijua neno kujitegemea, tumelelewa nalo tangu 1967. Diski ulizonunua siku moja, duka moja, zimetoka kiwandani wiki moja, zimekaa kwenye joto moja la Oktoba, vumbi moja na umeme mmoja unaorukaruka, zinajitegemea kwa lipi? Zimezeeka pamoja. Usishangae zikiugua pamoja.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa huyu kaka wa Area C. Boksi lake lilikuwa na diski nne za TB (terabaiti) 4 katika mpango wa RAID 5, nafasi inayotumika TB 12, kwa sababu ujazo wa diski moja huliwa na hesabu ya fidia. Hesabu yenyewe si uchawi. Akina mama watatu wa kikoba wametoa 7,000, 5,000 na 9,000, na katibu kaandika pia jumla, 21,000. Panya akila ukurasa wa mmoja, unatoa, unapata alichochanga. Akila kurasa za wawili, unabaki na jumla ya wote wawili pamoja na ugomvi. Diski hazijumlishi hivi hasa, zinalinganisha biti kwa biti, na ile hesabu imesambazwa kwenye diski zote badala ya kukaa kwenye moja. Kanuni ni ileile. RAID 6 huweka hesabu mbili tofauti, kwa hiyo huvumilia kurasa mbili. Ya tatu ikiliwa, tumerudi kwenye ugomvi.

Diski ya kwanza ilizima Oktoba. Taa ikawa njano. Boksi lilikuwa juu ya kabati nyuma ya king'amuzi, na video zilikuwa zinafunguka kama kawaida, nani angeangalia taa? Wiki sita baadaye akaiona, akanunua diski mpya, akachomeka, boksi likaanza kujijenga upya. Hapo ndipo pa hatari. Kujijenga maana yake ni kusoma kila kona ya diski tatu zilizobaki, TB 12 nzima, pamoja na harusi ambazo hakuna aliyezigusa tangu maharusi wapate mtoto wa pili. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kwamba kosa la kushindwa kusoma halitazidi moja katika kila TB 12.5 za kusoma. Mara nyingi hali huwa nzuri kuliko ahadi hiyo. Siku hiyo haikuwa. Diski ya pili ikakutana na sekta, yaani kipande kidogo cha diski, isiyosomeka, ikang'ang'ana nayo, ikachelewa kujibu, boksi likaifukuza kundini. Mbili nje. TB 12 zikatoweka kwenye skrini.

"Diski imekufa," akaniambia. Na hapa kuna neno jingine la kurekebisha. Ya kwanza ilikuwa mgonjwa mahututi. Ya pili haikufa, ilifukuzwa. Tofauti hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Nilichofanya hakina maajabu. Nilizima boksi, nikaziandika diski namba kwa kalamu ya maka kufuatana na nafasi zake, nikazitoa. Kisha nikanakili kila moja nzima kwenye diski nyingine kwa programu ya ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima-nzima, ikayaacha makovu mpaka mwisho, huku inaandika ramani ya ilipofika ili umeme ukikatika iendelee palepale. Ulikatika mara mbili. Baada ya hapo sikuzigusa tena zile za asili, nilifanyia majaribio kwenye nakala.

Kila diski ya kundi la namna hii hubeba kihesabio cha matukio, namba inayopanda kadiri kundi linavyobadilika. Kwenye diski tatu vilikuwa karibu sawa. Ile ya Oktoba kilikuwa nyuma sana, na wengi huharibu hapa kwa huruma: mradi inawaka, wanairudisha. Hiyo ni sawa na mjumbe aliyetoka kikaoni mapema. Ukimuuliza maamuzi atakupa ya wiki sita zilizopita, kwa kujiamini kabisa. Tukamwacha nje, tukaunganisha tatu kwa nguvu, tukafungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika hata nukta. Kuna wanaoshauri uunde kundi jipya juu ya diski zilezile, eti litajikumbuka. Ukikosea mpangilio na boksi likaanza kujijenga, linaandika hesabu mpya juu ya harusi za watu, na hapo hata mimi nakupa pole tu.

Karibu vyote vilirudi. Faili mbili zilikuwa na matundu. Moja ni kitchen party ambayo bibi anakata keki, picha inaganda, inarudi keki imeshaliwa.

Alipokuja kuchukua mzigo akauliza sasa anunue boksi la diski sita. Nikamwambia boksi si baya, aendelee nalo, ila aweke tahadhari ya kutumiwa meseji taa ikibadilika, na aliagize lisome diski zote kila mwezi ili makovu yaonekane mapema. Kisha anunue diski za nje za kawaida kabisa, za bei nafuu kama ile I ya zamani, anakili kazi zilizokamilika, achomoe, azipeleke kwa mtu anayemwamini.

"Dada yangu anakaa Kisasa, hapahapa mjini," akasema. Akafikiri kidogo. "Ila mama yuko Mpwapwa."

Mpwapwa patafaa zaidi, kaka. Na hizo zitakazokaa kwa mama ndizo uziite bekapu. Hii ya juu ya kabati iite RAID tu, haitakasirika.