Dawa za hataza: maana ya jina na siri iliyokuwa ndani ya kisanduku

Dawa za hataza ni dawa zilizotengenezwa na wafanyabiashara na kuuzwa moja kwa moja kwa mgonjwa, bila cheti cha daktari na bila mnunuzi kuambiwa ndani mna nini, kwa ahadi ya kuponya maradhi mengi kwa mpigo. Zilishamiri Uingereza na Marekani katika karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Sisi tuna mwarobaini, mti uliopewa jina kwa kusemekana unatibu maradhi arobaini, kwa hiyo wazo la dawa moja kwa magonjwa mengi si geni kwetu. Lakini mwarobaini uko uani, majani unachuma mwenyewe na uchungu wake unaujua. Dawa ya hataza ilikuja imefungwa, na huko kufungwa ndiko kiini cha jambo lenyewe.

Jina lina historia ya kupotosha. Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya peke yake juu ya uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Uingereza ya zamani hati hiyo ilitolewa na mfalme. Mwaka 1687, kwa mfano, Mfalme James wa Pili alitoa hati kwa vidonge vilivyoitwa Anderson's Scots Pills. Baadaye sheria ikataka mwenye hataza aeleze wazi jinsi kitu chake kinavyotengenezwa, na muda wa hati ukiisha mtu yeyote aweze kukitengeneza. Muuza dawa aliyekuwa na akili ya biashara hakutaka hayo. Akaacha hataza, akashika siri, na akalinda vitu vingine: jina la dawa, umbo la chupa, karatasi ya nembo, sahihi yake juu ya kisanduku. Ndiyo maana dawa nyingi sana zilizoitwa za hataza hazikuwa na hataza hata siku moja. Ukitaka kuzieleza kwa usahihi, ziite dawa za siri.

Serikali nayo, bila kukusudia, ilizipa heshima. Kuanzia 1783 dawa hizi zilitozwa ushuru, na ushahidi wa kulipa ulikuwa stempu iliyobandikwa juu ya kisanduku au kizibo, kiasi kwamba huwezi kufungua bila kuichana. Dawa ya shilingi 1 ilibeba stempu ya peni moja na nusu, na ndiyo sababu matangazo ya wakati ule yamejaa ile bei ya ajabu ya shilingi 1 na peni 1½. Mnunuzi wa kawaida alipoona alama ya serikali, aliamini serikali imeipima dawa na kuipitisha. Ilikuwa kodi tu. Baadaye yaliongezwa maneno kwenye stempu kusema kwamba haimaanishi dhamana yoyote ya serikali, lakini imani ya miaka mingi haifutwi na maneno madogo kwenye kipande cha karatasi.

Tukichukue kisanduku kimoja tukitazame kwa karibu. Thomas Beecham alichunga kondoo utotoni, kisha akawa muuza dawa wa masokoni huko Lancashire, na hatimaye akajenga biashara yake katika mji wa St Helens. Vidonge vyake vilitangazwa kwa kauli kwamba kila kisanduku kina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21, ilhali unakipata kwa shilingi 1 na peni 1½. Tangazo liliorodhesha matatizo ya nyongo na neva, gesi tumboni, kizunguzungu, kushiba kupita kiasi baada ya kula, usingizi wa mchana, baridi mwilini, kukosa hamu ya kula, kukosa pumzi, choo kigumu, vipele, usingizi wa mang'amung'amu, na hata ndoto za kutisha.

Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa maabara wa dawa nyingi za namna hii. Ndani ya vidonge vya Beecham walikuta shubiri, tangawizi na sabuni. Basi. Gharama ya viungo vya kisanduku kizima chenye vidonge 56 walikadiria kuwa nusu ya robo ya peni. Piga hesabu, shilingi moja ya wakati ule ikiwa peni 12: mnunuzi alilipa mara 108 ya gharama ya kilichomo.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa shubiri ni nini. "Chungu kama shubiri" tunasema kila siku. Katika biashara ya dawa ya London kulikuwa hata na daraja iliyoitwa shubiri ya Zanzibar, kwa sababu ilipitia huko. Na kazi yake tunaijua: ni haluli, inaendesha tumbo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali linalonisumbua kila nikisoma habari hizi: kwa nini watu waliamini? Sikubaliani na wanaosema walikuwa wajinga. Waliamini kwa sababu dawa ilifanya kitu walichokihisi. Umemeza usiku, alfajiri tumbo linakata, unatoka, unahisi mwepesi. Mwili wenyewe umekuwa shahidi.

Hili lilijulikana vizuri na wale waliozigawa. Samuel Baker, yule msafiri wa Kiingereza aliyefika Ziwa Albert mwaka 1864, alipokuwa akipita mipakani mwa Sudan na Uhabeshi alijitangaza kuwa tabibu, akawagawia wenyeji vidonge vya Holloway. Aliandika mwenyewe kwamba vidonge hivyo vinamfaa sana msafiri, kwa kuwa vinaendesha tumbo waziwazi, na mgonjwa akiona hivyo anaridhika kuwa amepewa dawa ya kweli. Watu walikuja na maradhi yao ya kweli, homa na vidonda, wakaondoka na haluli. Mwenye vidonge hivyo, Thomas Holloway, alikuwa tajiri wa kupindukia. Mwaka 1842 alitumia pauni 5,000 kwa matangazo. Alipofariki mwaka 1883 matumizi yalikuwa yamefika takriban pauni 50,000 kwa mwaka. Utajiri huo ulijenga chuo cha wanawake nje ya London, ambacho Malkia mwenyewe alikifungua mwaka 1886.

Sababu ya pili ni kwamba dawa moja kwa maradhi yote ilikuwa na nadharia nyuma yake. James Morison, aliyeanza kuuza vidonge vyake vya mimea mwaka 1825, alifundisha kwamba maradhi yote yana chanzo kimoja tu: damu chafu. Ukikubali hilo, yaliyobaki yanajipanga yenyewe. Chanzo kimoja, tiba moja. Na kama hujapona, basi uchafu haujaisha, ongeza vidonge. Mafundisho ya namna hiyo hayana mahali pa kusema "acha". Mwaka 1836 wakala mmoja wa dawa hiyo London alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia baada ya mteja aliyemeza vidonge kwa wingi kufa. Mauzo yaliendelea.

Tusiwasahau madaktari wenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ile daktari naye alitoa damu kwa wembe na ruba, na alitibu kwa zebaki. Kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu, na wengi wa wasomi walidhani kinatokana na hewa mbaya. Ada ya daktari ilikuwa nje ya uwezo wa mfanyakazi wa kiwandani. Mama wa Manchester aliyenunua kisanduku cha shilingi alikuwa amepima alichonacho mbele yake, na si haki kumcheka leo.

Hata hivyo, zilikuwapo dawa zilizokuwa mbaya kuliko haluli, nazo ndizo zinazonitia uchungu. Godfrey's Cordial ilikuwa maji ya sukari guru yaliyotiwa afyuni, na ilinyweshwa watoto wachanga. Mama alikwenda kiwandani kutwa, mtoto akaachwa kwa mwanamke mzee aliyelea watoto kadhaa kwa pamoja, na kijiko kimoja kiliwanyamazisha wote. Nguvu ya dawa ilitofautiana kati ya muuzaji mmoja na mwingine, kwa hiyo kijiko kilichomlaza mtoto leo kingeweza kumuua kesho kutoka chupa nyingine. Wengine hawakufa kwa sumu ya ghafla. Afyuni huondoa njaa. Mtoto hakulia, hakunyonya, akanyauka taratibu. Neno letu kasumba, ambalo leo tunalitumia kwa fikra potofu zilizomtawala mtu, maana yake ya asili ni afyuni hiyohiyo.

Sheria ya mwaka 1868 iliweka afyuni chini ya wauza dawa waliosajiliwa na kutaka iandikwe sumu, lakini ikaziacha dawa za hataza nje. Hivyo klorodaini ya Collis Browne, daktari wa jeshi aliyekuwa India, iliuzwa kwa miaka ikiwa na mofini, yaani kiini cha afyuni, pamoja na klorofomu na bangi. Niseme kweli: dhidi ya kuharisha ilisaidia, kwa kuwa mofini hupunguza mwendo wa utumbo. Lakini mnunuzi hakujua anajizoesha nini. Marekani hali ilikuwa hivyohivyo, na Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya kutuliza watoto wanaoota meno, ilikuwa na mofini. Sheria yao ya 1906 haikuzipiga marufuku. Ilitaka tu vileo, afyuni na vitu vingine vichache vitajwe kwenye nembo.

Aliyesoma sheria Nairobi, Kampala au Dar es Salaam amekutana na mojawapo ya dawa hizi bila kuifikiria kama dawa. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball iliuza mpira uliotiwa unga wa asidi ya kaboliki, ukiwa na mrija wa kuingiza puani. Unaubinya, moshi wa unga unapanda. Novemba 1891 ilitangaza kumlipa pauni 100 yeyote atakayeutumia kama ilivyoelekezwa kisha akapata mafua makali, na kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha nia yake. Bi. Louisa Carlill aliutumia mara tatu kwa siku hadi Januari 17, 1892, siku aliyougua. Kampuni ilijitetea kuwa lile lilikuwa tangazo tu, si ahadi. Mahakama ya Rufaa Desemba 1892 ikakataa utetezi huo, naye akalipwa pauni zake. Wanafunzi wetu hufundishwa hapo maana ya ofa na kukubali. Mimi naona zaidi mwanamke aliyeichukulia dawa kwa neno lake.

Nyingine zilibaki kwa kupunguza maneno. Eno, ile pakiti ya unga unaochemka kwenye glasi mtu akiwa na kiungulia, ni chumvi ya James Crossley Eno wa Newcastle. Zamani ilitangazwa hata kuwa kinga ya homa. Leo inauzwa kwa ajili ya asidi ya tumbo, kazi inayoiweza.

Bunge la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza dawa hizi, na ripoti yake ilitoka Agosti 4, 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani, ikawekwa kando. Ilibidi kungoja hadi 1941 ndipo sheria ilipofuta stempu ya dawa na kulazimisha viungo vitajwe kwenye nembo. Vidonge vya Beecham viliendelea kutengenezwa na kununuliwa hadi 1998.